Kiti cha Dereva Hakijakauka

Mwaka juzi nilimdanganya baba yangu kwa wiki saba mfululizo kwamba viti vya gari lake havijakauka. Naandika hivi bila aibu kubwa. Aibu ndogo ninayo, na nitaifikia.

Baba alikuwa dereva. Alitoka Lindi akiwa kijana, akaajiriwa na idara moja ya serikali, na kwa miaka zaidi ya thelathini akawaendesha wakubwa: waliolala njiani, waliovua viatu, waliogombana na wake zao kwenye simu wakidhani dereva hana masikio. Alistaafu bila kugonga hata kuku. Hilo alilisema kila alipopata msikilizaji, na asipompata alilisema hivyo hivyo. Baada ya kustaafu alinunua gari kuukuu la aina ile ile aliyoendesha kazini, jeusi, refu, lenye viti vya ngozi ya kweli vya rangi ya chai ya maziwa. Uwanja wa nyumba yetu ya Mwananyamala ni mdogo, kwa hiyo gari likishaingia watu hupita ubavu ubavu. Mama alilalamika mwaka wa kwanza, kisha akazoea, akawa anaanika kanga kwenye boneti.

Mimi na wanangu tunaishi humo humo, na nina saluni hatua chache kutoka hapo. Nimeosha vichwa vya wanawake wa mtaa huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na naweza kumwambia mtu amegombana na mumewe kwa kumshika nywele tu. Leseni ya udereva ninayo pia. Baba alinifundisha mwenyewe, kwa kelele nyingi, kisha kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunipa usukani wa gari lake. Alisema naendesha kama mtu anayesonga ugali.

Tatizo lilikuwa macho. Tulimpeleka kwa daktari, daktari akatueleza kwamba ni presha ya macho, ya muda mrefu, na kwamba mbele anaona vizuri lakini pembeni pote pameingia giza. Dawa ingezuia isizidi. Kilichokwisha kuondoka hakirudi. Akaandika kwenye karatasi kwamba mzee asiendeshe tena gari. Baba aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, na jioni kanzu akaitupia kwenye beseni la kufulia. Mama aliikuta karatasi imekuwa uji.

Wiki mbili baadaye alipanda na gari juu ya meza ya nyanya pale kwenye kona. Muuza nyanya alikuwa ameenda kutafuta chenji, na Mungu ambariki aliyemnyima chenji karibu, kwa sababu angekuwa amekaa pale pale lilipopita tairi. Baba alishuka, akaziangalia nyanya, akasema, "Meza hii haikuwepo jana." Meza ile ipo pale tangu sijazaa mtoto wangu wa kwanza. Tulizoa zile zilizopasuka, tukala mchuzi mwekundu mpaka wajukuu wakaomba maharage.

"Mwambie," mama aliniambia siku ile jikoni.

"Mwambie wewe. Wewe mkewe."

"Mie nikimwambia atasema nimemchoka. Wewe anakuitaga mama. Kuna mtu anambishia mama yake?"

Ni kweli, nina jina la marehemu bibi, mama mzazi wa baba, na ndiyo maana ameniita "mama" tangu nilipozaliwa. Lakini jina halikunipa ujasiri. Niliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba baba ataua mtu barabarani, na kwamba mimi nitamuua yeye kwa kumwambia. Mtu aliyejaa fahari ya udereva vile, ukimwambia weka funguo chini, umembakisha na nini? Nikawa kila siku nasema kesho.

Kisha, Jumamosi moja baada ya chai, baba mwenyewe alinipa upenyo. Alitoka garini akinusa kiganja chake.

"Mama, hivi viti vinanuka uzee," alisema. "Nyie watu wa saluni mnaoshaga kila kitu. Hamna dawa ya ngozi?"

Nikamwambia ipo, tena niache nimfanyie mimi mwenyewe. Naapa kwamba wakati ule nilikuwa na nia njema kabisa. Uongo ulikuja baadaye, saa tisa alasiri.

Kwanza niliokota. Chini ya viti nilitoa peremende za tangawizi zilizoshikana na kapeti, maganda ya karanga ya awamu zote, bisibisi, na soksi moja ya mtu mzima ambayo baba aliikana. Kisha nikaosha, na niliosha kama ninavyomwosha mteja aliyetoka kufumua rasta: shampuu nyingi, povu tele, mswaki kwenye mishono, jagi la maji kusuuzia. Maji yalitoka ya kahawia. Nikayafinikiza matako ya viti kwa mataulo ya moto, maana huko kwetu saluni hatumalizi kazi bila stimu. Mama alikuwa mlangoni akitazama, akaingia ndani, akarudi na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe.

"Paka haya," alisema. "Ngozi ni ngozi. Na wewe nilikupaka haya haya tangu una siku saba, mbona hujapasuka?"

Nilipaka. Viti vilikunywa. Nikapaka tena, vikanywa tena. Mara ya tatu vikang'aa, vikawa kama paji la uso la bwana harusi, na mama na mimi tukasimama pale tukijisifu. Baba alikuja, akapitisha mkono kuanzia juu mpaka chini bila kusema neno, na mimi nilijua maana ya kimya kile, kwa sababu wakubwa wote aliowaendesha hakuna hata mmoja aliyemsifu kwa maneno zaidi ya matatu. Halafu akageuka, akaelekea kwenye msumari wa ukutani unaotundikwa funguo.

"Bado, baba," nilisema.

"Bado nini?"

"Hakijakauka. Ukikikalia sasa mafuta yatarudi juu, ngozi itapasuka."

"Mpaka lini?"

Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka. "Siku saba."

Baba alisimama na funguo mkononi. Mtu mwingine angebisha. Lakini miaka thelathini ya karakana za serikali ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba fundi akisema gari lisitoke, gari halitoki, hata waziri anune. Akazirudisha funguo kwenye msumari. Nyuma ya pazia nilimsikia mama akicheka ndani ya kanga yake.

Siku saba zile hakuendesha. Alipanda bajaji kwenda msikitini, na akirudi alimweleza dereva wa bajaji makosa yake yote tangu anawasha. Nilihesabu hilo kuwa ushindi, nikaanza kuwaza siku saba nyingine nitazipata wapi.

Zililetwa na sisimizi. Siku ya nne niliwakuta wamepanga mstari kutoka kwenye tangi la maji, wakapita ukutani, wakapanda tairi, wakaingia garini kwa heshima zote kana kwamba wamealikwa. Joto la mchana lilikuwa limeyatoa mafuta yote niliyoyashindilia. Gari lilinukia kama kikaango. Jirani aliuliza juu ya ukuta ni nani anapika kashata. Baba, aliyekuwa ameinama kukagua, alikwenda Ijumaa ile kuswali na baka la mafuta kwenye kiwiko cha kanzu nyeupe, na hakuna mtu wa safu yake aliyemwambia.

Nilitakiwa kuhuzunika. Nilifurahi kupita kiasi. "Baba," nilisema, "ngozi imekataa dawa. Itabidi tuanze upya." Akaguna, akakubali.

Lakini nilipobaki peke yangu nikakigusa kiti, furaha ikanitoka. Kilikuwa kinateleza na kinanata kwa wakati mmoja, na pale pembeni mwa kiti cha dereva, anapopitisha paja akiingia, ngozi iliyokuwa imekwanguka kidogo ilikuwa imevimba na kulegea. Nilikuwa nimekusudia kumnyang'anya baba gari kwa muda. Sikukusudia kumharibia. Nikachomoa kimto cha kuegemea kichwa, nikakifunga kwenye kanga, nikachukua bajaji mpaka Keko kwa mafundi sofa.

Dereva wa bajaji alikuwa kijana mwenye adabu zake. Kila tuta alilipanda taratibu. Tulipofika Chang'ombe akaniuliza, "Mtoto amelala, sista?"

Nilitazama furushi nililolipakata. "Amelala."

"Mpole sana. Hajalia njia nzima."

"Huyu mpole," nilisema. "Hakumfuata babu yake."

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee mwembamba, amekaa kando ya barabara katikati ya mifupa ya masofa, misumari midogo imejipanga mdomoni. Nilimwamkia. Akatema misumari kiganjani kwanza ndipo akaitikia marahaba. Nikafungua kanga. Alikishika kile kimto, akakipeleka puani, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hii umepaka au umekaanga?"

Watu wawili waliokuwa wanapiga randa jirani walicheka mpaka wakaacha kazi. Nikamweleza shampuu, jagi la maji, stimu, na mafuta ya mama. Kwa kila neno alikuwa anafumba macho.

"Ngozi hii ilishakufa zamani," alisema. "Haina jasho, haina nywele. Haitaki kuogeshwa. Inataka kufutwa. Kitambaa ukikamue mpaka kikulalamikie, sabuni laini kidogo, ile ya mtoto, ufute, halafu kitambaa kikavu papo hapo. Jua lisiione. Na mafuta ya kupikia wali ya nini humu?"

Akanifundisha kuyatoa: kunyunyiza unga wa muhogo mkavu, kuuacha ulale na kufyonza, kuupangusa kwa brashi ya nywele laini, kurudia mpaka unga utoke mweupe ulivyoingia. Halafu akanipa kopo la krimu ya ngozi na onyo lake: kidogo, kwa ncha ya kidole, kwanza ujaribu chini ya kiti ambapo hapaonekani, usubiri, ndipo uje juu. Rangi ya viatu nisithubutu, maana itahamia kwenye makalio ya wageni. Nyufa zile hazitapona. Zikilainika zisiendelee, nishukuru. Na kioo cha mbele nikizibe kwa boksi mchana.

"Krimu inachukua muda gani kukauka?" niliuliza.

"Saa moja. Ukiwa na wasiwasi, mpaka kesho."

"Hamna inayochelewa zaidi?"

Aliacha kukunja kanga yangu. "Kila anayekuja hapa anataka juzi. Wewe unataka inayochelewa?"

Basi nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua jambo ambalo nilishindwa kumwambia baba yangu, labda kwa sababu alikuwa na umri wake. Nilimweleza macho, karatasi, nyanya, siku saba. Alisikiliza huku akipigilia, na alipomaliza upande mmoja wa sofa alisema, "Sie baba yetu tulimficha baiskeli. Tulisema imeibiwa. Alikaa barazani mwaka mzima, hakuongea na mtu."

"Sasa mie nifanyeje?"

"Mie fundi sofa, mwanangu," alisema, akarudisha misumari mdomoni.

Nilirudi na kopo na mpango. Baba nilimsimulia masharti yote ya fundi, ila saa moja yake niliigeuza wiki. Wiki nzima ilikwenda kwa unga wa muhogo peke yake, gari likawa linafanana na mashine ya kusaga, na kila mjukuu aliyepita alipiga chafya. Kisha nikaamua kwamba kila kiti kina wiki yake, kwa utaalamu ambao nilikuwa nautunga nikiwa nimeinama ili baba asinione uso. Ngozi ya mbele kushoto haikauki sawa na ya mbele kulia, baba, kwa sababu ya ukuta. Ya nyuma ni nene. Ya nyuma katikati haijakaliwa, kwa hiyo ni ngumu kupokea. Nilijisikia profesa.

Na baba alikaa kwenye stuli kando ya mlango wa gari, akinisimamia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuninogea isivyo halali. Toka niolewe sikuwahi kukaa na baba saa mbili mfululizo bila mtu wa tatu. Sasa kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua saluni, tulikuwa sisi wawili na kopo. Alinieleza kuhusu mkubwa mmoja aliyekuwa akijamba safari nzima ya Dodoma na kila mara akishusha kioo kulaumu harufu ya mashamba. Kuhusu mwingine aliyelia kiti cha nyuma siku aliyoondolewa cheo, na baba akaendesha polepole akaizunguka Oysterbay mara tatu ili bosi amalize kulia kabla ya kufika kwake. "Dereva mzuri anajuaga wakati wa kutofika," alisema. Nilikaza kupaka.

Alikagua kwa mkono. Alifumba macho na kupitisha vidole kwenye mshono, na palipobaki hata punje ya uchafu aliiweka wazi kwa kucha. Wiki ya tano viti vile vilikuwa vimerudi uhai. Havikung'aa tena, vilitulia tu, laini, na harufu ya nazi ilikuwa imekwisha, ikabaki harufu ya ngozi yenyewe.

Sasa aibu yangu ndogo. Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alizitoa funguo kwenye msumari, akazifuta kwa pindo la shati, akazirudisha. Nilimwona mara nyingi kupitia dirisha la jikoni. Hakuwa anaendesha popote na bado alizifuta. Siku moja mama alinikuta nimesimama pale na sufuria imeungua.

"Mpaka lini?" aliniuliza, na safari hii hakucheka.

"Mpaka kopo liishe."

"Kopo likiisha?"

Nikaanza kuikwangua sufuria. Jambo ambalo sikuliona, mimi mwenye macho mazima, ni kwamba baba alikuwa ameacha kuniuliza lini. Alikuwa anauliza, "Leo tunapaka kipi?"

Kopo liliisha wiki ya saba, na wiki hiyo hiyo kukawa na harusi ya mtoto wa dada yake baba, Kunduchi. Alhamisi jioni baba alitangaza, akiwa anakula, kwamba Jumamosi tutakwenda na gari letu. Alisema amekagua viti vyote na hakuna kilichobaki. Mama aliweka kijiko chini. Mimi nilimeza tonge bila kulitafuna.

Kutoka kwetu mpaka Kunduchi unapita barabara kubwa ya Bagamoyo, pikipiki zinakutokea kulia na kushoto kwa wakati mmoja, na watu wanavuka wakiwa na mizigo kichwani. Akilini nilimwona baba kwenye barabara ile akitazama mbele kwa utulivu wake wa kiserikali, na pembeni pote giza. Usiku ule na uliofuata nililala vibaya. Mara kumi nilijiambia nitakwenda kumgongea mlango nimwambie. Mara kumi nikasikia kukohoa kwake, nikageukia ukutani.

Jumamosi, mara tu baada ya swala ya alfajiri, mwanga ukiwa umeanza kutosha kuona njia, niliingia uwanjani na ndoo na sponji. Nikafungua mlango wa dereva, nikakilowesha kile kiti. Sikukifuta kama nilivyofundishwa. Nilimwaga, nikakandamiza, nikamwaga tena, mpaka maji yakatuama kwenye mikunjo. Kazi ya wiki saba niliiharibu kwa dakika mbili, na iliniuma, maana nilikuwa nimeshaanza kuvipenda vile viti.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Baba alitoka, amevaa kanzu yake ya harusi na koti, funguo mkononi. Hapakuwa na pa kukimbilia. Gari limejaza uwanja. Nikajibanza ukutani, sponji kifuani, maji yananichuruzikia kwenye gauni.

Alikuja moja kwa moja. Alinipita kushoto kwake, karibu kiasi kwamba koti lake liligusa mkono wangu. Hakugeuka. Uso wake ulikuwa umetazama mbele, mtulivu, na mimi mwanawe, mwenye jina la mama yake, nilikuwa nimesimama pale hatua moja na kwake sikuwepo. Daktari alikuwa ametueleza na nikadhani nimeelewa. Nilielewa pale. Nilitaka kulia kwa sauti nikauma sponji.

Baba aliinama, akaweka kiganja kwenye kiti cha dereva. Akakiinua, akakitazama kinavyodondosha. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akagusa kiti cha abiria. Kikavu.

"Shampuu au maji matupu?" alisema, akitazama mbele vile vile.

Nilizidi kulikumbatia sponji.

"Nakuuliza wewe. Unahema kama umebeba gunia."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Maji matupu."

"Ngozi haitaki maji, huyo fundi wako si alikwambia?"

"Aliniambia."

Alijifuta kiganja kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Wiki ya tatu ndiyo nilijua. Ulisema kiti cha nyuma katikati hakijakaliwa. Mie nimekaa na magari miaka hamsini, mama. Ngozi haikai wiki nzima haijakauka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Nilikuwa naogopa."

"Hata mie," alisema baba.

Ndipo nikasogea mbele yake, mahali anapoona, nikamwambia. Nilimwambia kila kitu kwa sauti ya kawaida: kwamba asiendeshe tena, leo wala kesho, kwamba siku ile ya nyanya angeua mtu, kwamba amenipita sasa hivi na hakuniona. Hilo la mwisho ndilo lililomgusa. Aligeuza kichwa kizima kuutazama ukuta nilipokuwa nimesimama, akapapima kwa macho, akatikisa kichwa. Nilisubiri anigombeze. Alinyoosha mkono akanipa funguo.

"Nikaweke taulo juu ya kiti?" niliuliza.

"La nini? Kiti umekilowesha wewe, utakalia hivyo hivyo."

Alizunguka gari, kiganja kikipita juu ya bati, akafungua mlango wa nyuma, akaingia. Mama alipotoka amejipamba, alinikuta mimi kwenye usukani na mumewe nyuma ameketi wima. Alikaa mbele pembeni yangu, akashusha kioo ili apate pa kutazama.

Nilikwenda Kunduchi nimelowa kuanzia kiunoni, nikijua kwamba shangazi zangu wote watayaona makalio ya gauni langu nikishuka na kwamba hadithi yake itafika Lindi kabla ya jioni. Baba alinirekebisha gia mara nne kabla hatujatoka Mwananyamala. Tulipoingia barabara kubwa aliacha kunirekebisha. Pikipiki zilianza kutupita.

"Kushoto kuna nini?" aliuliza kutoka nyuma.

"Mama mwenye ndoo ya samaki, anataka kuvuka."

"Msubiri avuke."

Nilimsubiri. Waliokuwa nyuma yetu walipiga honi, baba akaniambia niwaache wapige.

"Kulia?"

"Kulia hakuna kitu, baba."

Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti changu kwa mkono mmoja.

"Usinidanganye tena," alisema.

Upande ule wa kulia kulikuwa na ukuta mrefu, mweupe, umebandikwa matangazo ya mganga na ya tuisheni, na mtu mmoja amesimama anaupaka rangi upya. Nikamwambia vyote, mpaka na rangi ya kofia ya yule mtu.